Mtoto Asife kwa Kukosa Lita Moja ya Maji



Kaburi la mtoto mchanga halichukui muda kuchimbwa. Vijana wawili wenye majembe huanza baada ya chai ya asubuhi, na kabla jua halijawa kali wamekwisha kazi. Sanduku hubebwa na mtu mmoja mikononi. Rambirambi huwa chache, na aghalabu kesho yake watu wamekwisha kurudi mashambani, wakiambiana kwamba wazazi bado ni vijana na watapata mwingine. Kifo cha mtu mzima huulizwa: aliugua nini, alipelekwa wapi, nani alimtibu, nani alichelewa. Kifo cha mtoto wa miezi minane aliyeharisha kwa siku tatu hakiulizwi.

Sisi wa Tume ya Haki na Amani tungependa kiulizwe. Hatusemi hivyo ili atafutwe mchawi au mzazi wa kushutumiwa, maana hao hutafutwa mno tayari. Twasema hivyo kwa sababu mtoto wa namna hiyo, mara nyingi sana, amekufa kwa kukosa maji na chumvi mwilini, vitu ambavyo havikosekani katika nyumba yoyote ya parokia hii. Tukisema ni mapenzi ya Mungu na kuishia hapo, twamsingizia Mungu jambo ambalo lilikuwa mikononi mwetu.

Mwaka 1973, katika mji wa Melbourne, Australia, Ruth Bishop na wenzake walichukua vipande vidogo vya utumbo wa watoto waliokuwa wakiharisha, wakavitazama kwa hadubini ya elektroni. Waliona humo virusi ambavyo baadaye viliitwa virusi vya rota, kwa kuwa umbo lao ni kama gurudumu, na rota kwa Kilatini ndilo gurudumu. (Wazee wetu waliotumikia altareni enzi za Kilatini huenda neno hilo hawakulikuta katika misale.) Tangu hapo imefahamika kwamba sehemu kubwa ya kuharisha vibaya kwa watoto wadogo husababishwa na virusi: hivyo vya rota, na vingine kama norovirusi, adenovirusi na astrovirusi. Vya rota ndivyo vilivyoua watoto wengi kuliko vingine vyote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2000 viliua watoto wapatao 528,000 walio chini ya miaka mitano. Kwa mwaka 2013 makadirio yalishuka hadi 215,000, na wengi wa hao walikuwa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara na za kusini mwa Asia.

Hapa ndipo suala la utabibu linapogeuka kuwa suala la haki. Kabla ya kupatikana kwa chanjo, karibu kila mtoto duniani, awe wa Uswidi au wa Sumbawanga, aliambukizwa virusi vya rota kabla ya kutimiza miaka mitano. Marekani, nchi yenye maji ya bomba yaliyotiwa dawa na vyoo vya kuvuta ndani ya kila nyumba, ilikuwa ikilaza hospitalini watoto zaidi ya 50,000 kila mwaka kwa ugonjwa huu, kabla ya chanjo kuanza kutolewa huko mwaka 2006. Waliokufa miongoni mwao walikuwa kati ya 20 na 60 kwa mwaka. Ugonjwa ni ule ule na utumbo wa mtoto ni ule ule. Kilichotofautiana ni saa ngapi zilipita kabla mtoto hajarudishiwa maji aliyoyapoteza.

Tufikiri kidogo juu ya maji hayo. Mtoto mwenye uzito wa kilo 10, yaani mtoto wa mwaka mmoja hivi, akipoteza lita moja ya maji kwa kuharisha na kutapika bila kurudishiwa, amefika penye hatari ya kufa. Lita moja ni kidogo. Mama huimwaga bila kufikiri anaposuuza vyombo. Na mtoto anayeharisha mara kumi kwa siku huku akitapika aweza kuipoteza kati ya asubuhi na jioni.

Sasa, ugonjwa wenyewe hutambuliwaje? Baada ya mtoto kuambukizwa, hupita siku mbili hivi bila dalili. Kisha huanza homa na kutapika, mara nyingi kabla hata hajaharisha, na ndiyo maana wazazi wengi hudhani ni malaria peke yake. Halafu hufuata kuharisha majimaji mengi, bila damu, kwa siku tatu hadi nane. Anayeshikwa vibaya zaidi huwa mtoto wa kati ya miezi mitatu na miaka miwili. Kwa macho tu hakuna muuguzi wala daktari awezaye kuapa kwamba hivi ni virusi vya rota na si vingine. Kipo kipimo cha kinyesi kinachoonyesha, nacho ni muhimu kwa taifa linalotaka kujua ukubwa wa tatizo. Lakini mzazi asikae akisubiri maabara, kwa kuwa matibabu ya kuharisha majimaji ni yale yale, kiwe kirusi gani. Penye tofauti ni hapa: kinyesi chenye damu ni ugonjwa mwingine unaohitaji dawa nyingine, na mtoto apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Na kinyesi kilicho kama maji ya kuoshea mchele, hasa ikiwa na watu wazima wanaharisha hivyo hivyo, huenda ni kipindupindu. Viongozi wa kijiji na wa afya wajulishwe mara moja. Mtoto mwenye homa apimwe malaria vile vile, kwa sababu aweza kuwa na yote mawili.

Kilicho muhimu kuliko jina la kirusi ni kujua mtoto amepungukiwa maji kiasi gani, na kwa jambo hili mama hahitaji chombo chochote zaidi ya macho na vidole vyake. Mtoto aliyeanza kupungukiwa huwa msumbufu, hatulii, macho yameanza kutumbukia, na akipewa maji huyanywa kwa pupa. Mfinye ngozi ya tumbo, pembeni mwa kitovu, kisha uiachie. Ya mtoto mzima kiafya hurudi papo hapo, ya huyu hurudi polepole. Aliyezidiwa huwa amelegea, hana haja na mtu, au hazinduki kabisa. Hawezi kunywa, na ngozi iliyofinywa hukaa imesimama kwa zaidi ya sekunde mbili. Kwa mtoto mchanga utosi nao hubonyea. Wengine huuona utosi huo wakadhani ndio ugonjwa, wakaupaka dawa za mitishamba, kumbe unawaambia kwamba maji yamekwisha. Mtoto aliyelegea asiyeweza kunywa anahitaji kutiwa maji mshipani, na kila dakika ni mali. Asisubiri kesho, wala asisubiri Misa iishe.

Yule ambaye bado anaweza kunywa hutibiwa kwa kunyweshwa. Tunalirudia hili kwa sababu ni vigumu kuaminika. Watu hutamani sindano, hutamani dripu, hutamani vidonge vya rangi, na pakiti ya chumvichumvi ambayo huitwa ORS huonekana dawa ya kupuuzwa. Lakini fikiri inavyofanya kazi. Virusi huharibu ngozi laini ya ndani ya utumbo mdogo, maji yakawa yanapita tu bila kufyonzwa. Ukimpa mtoto maji matupu, hayarudishi chumvi iliyopotea. Ukimpa soda au juisi tamu, sukari nyingi huvuta maji zaidi kutoka mwilini na kuzidisha kuharisha. Ila chumvi na sukari zikichanganywa kwa kipimo chake, sukari huiingiza chumvi kupitia sehemu za utumbo zilizosalia nzima, na maji huifuata chumvi.

Mwaka 1971, wakati wa vita vilivyoizaa nchi ya Bangladesh, mamilioni ya wakimbizi walivuka mpaka kuingia India, kipindupindu kikazuka makambini. Katika kituo cha Bangaon maji ya mshipani yaliisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru chumvi na sukari zichanganywe katika maji na kuwekwa katika mapipa, na ndugu wa wagonjwa wakafundishwa kuyachota na kuwanywesha wenyewe. Kabla ya hapo vifo vilikuwa vikifika hata thelathini katika kila mia. Miongoni mwa waliohudumiwa hivyo vikashuka chini ya vinne. Waliookoa maisha pale walikuwa mama, shangazi na kaka, watu wasio na cheti chochote, wakishika vikombe. Tunawaomba viongozi wetu wa walei walitafakari jambo hilo, wale hasa wanaodhani kwamba afya ni kazi ya masista na waganga tu.

Basi pakiti ichanganywe na maji safi ya kunywa, kiasi kile kile kilichoandikwa juu yake. Nyingi ni za lita moja, lakini zipo ndogo, kwa hiyo isomwe kwanza. Asiye na kipimo atumie chupa mbili za bia za nusu lita, zilizooshwa vema, zilikotoka hatuulizi. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu ya kikombe kila baada ya kuharisha, na mkubwa wake nusu hadi kikombe kizima, kidogo kidogo kwa kijiko au kwa kikombe. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha uendelee polepole zaidi. Mama wengi huacha hapa, wakisema kila anachopewa anakitoa; lakini hata anayetapika hubakiwa na sehemu kubwa tumboni. Kilichosalia baada ya siku moja kimwagwe. Pakiti ikikosekana, tia katika lita moja ya maji safi vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, na uyaonje: yasizidi machozi kwa uchumvi. Kuzidisha chumvi ni hatari kwelikweli.

Pamoja na hayo apewe zinki, ambayo mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliagiza itolewe kwa kila mtoto anayeharisha: miligramu 20 kwa siku, au 10 ikiwa hajafikisha miezi sita, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma. Maziwa ya mama yasikatishwe hata saa moja, na aliyekwisha kuanza kula aendelee kulishwa. Viuavijasumu havina kazi juu ya virusi. Dawa za kufunga tumbo asipewe mtoto kabisa. Wenye maduka ya dawa wanalijua hili, na walio waaminifu hulisema. Wengine huuza kile kinacholeta faida kubwa, na mama aliyeuza kuku ili apate fedha hutoka dukani na kichupa kisichomsaidia mwanawe, wakati pakiti aliyoihitaji ilikuwa rafuni. Kwetu huo ni wizi.

Tumefika sasa penye machungu. Katika sehemu nyingi za nchi yetu, mtoto akiharisha na kupata homa, wapo watakaomfunua kinywa, waone fizi imevimba na kitu cheupe ndani yake, waseme ana meno ya plastiki. Kisha mganga huyang'oa kwa spoki ya baiskeli au kisu, bila ganzi. Kitu hicho cheupe ni jino la mtoto lililo njiani kuota. Meno hayo huanza kusogea katika miezi ile ile ambayo kinga aliyopewa na mama yake inapungua, naye anatambaa na kutia kila kitu mdomoni. Hivyo meno na kuharisha hukutana, na moja hudhaniwa kuwa limeleta la pili. Mtoto aliyekuwa amepoteza maji sasa anapoteza na damu, anatiwa vidonda vya kinywa, na hawezi tena kunyonya. Tunasema bila kumung'unya: hilo ni jeraha kwa asiyeweza kujitetea, na mzee wa jumuiya anayemwelekeza mama kwa mganga huyo ana sehemu yake katika dhambi hiyo.

Lingine ni lile la kubemenda. Mtoto akidhoofika kwa kuharisha, minong'ono huanza kwamba wazazi hawakungoja, au kwamba mmoja wao alitoka nje ya ndoa, na kwa namna fulani anayenyoshewa kidole huwa mama. Matokeo yake ni kwamba mama huficha ugonjwa. Humfunika mtoto kanga, haendi kliniki, hakai na wenzake kisimani, na wengine humwachisha mtoto ziwa ghafla wakidhani maziwa yameharibika, wakati maziwa hayo ndiyo yaliyokuwa yakimlinda. Hatubishani hapa na mila za kupanga uzazi. Wazee waliotaka watoto wapishane walikuwa na hekima yao. Tunabishana na uonevu. Virusi vya rota hutoka katika kinyesi, vikapita mikononi, vikaingia kinywani, na vichache tu vyatosha. Havipiti kitandani mwa mtu. Ajuaye hivyo akaendelea kunong'ona, anamzulia jirani yake.

Na tukiwa katika habari ya kinyesi: wengi huamini kwamba cha mtoto mchanga hakina madhara. Kinayo, kuliko cha mtu mzima. Kitupwe chooni, na aliyemtawaza mtoto anawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Swali tunaloliona gumu zaidi kuliko yote ni hili: usiku mtoto akizidiwa, nani anatoa ruhusa ya kwenda zahanati? Katika nyumba nyingi mama anaona dalili zote tulizozitaja, lakini fedha ya nauli iko kwa mume, na mume yuko safarini, au kilabuni, au amelala na hataki kuamshwa. Au mama mkwe amesema tungoje kwanza. Saa sita za kungoja hivyo zinaweza kuwa ndizo zote alizokuwa nazo mtoto. Enyi akina baba, mwambieni mkeo leo, mbele ya mashahidi wa nyumba, kwamba mtoto akilegea ana ruhusa ya kutoka bila kuuliza. Haipunguzi heshima ya mtu.

Na zahanati je? Sera ya afya ya Tanzania inaagiza kwamba watoto walio chini ya miaka mitano watibiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Mama anapoambiwa kwamba matibabu ni bure ila dawa hakuna, akanunue, ahadi hiyo inakuwa karatasi. Pakiti ya ORS na vidonge vya zinki ni miongoni mwa dawa za bei ndogo kabisa. Kukosekana kwake hakuwezi kuelezwa kwa umaskini wa nchi peke yake. Kila zahanati inapaswa kuwa na kamati yake ya afya yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Tunawasihi waamini walio katika kamati hizo, na wale wa vituo vya kanisa vile vile, waulize kila kikao: pakiti ngapi zimeletwa, zilikwisha lini, nani aliagiza nyingine. Kuuliza si utovu wa adabu kwa mganga. Mara nyingi yeye mwenyewe amechoka kuandika barua zisizojibiwa, na atashukuru kupata wa kumsaidia kupiga kelele.

Chanjo ipo. Tanzania ilianza kuitoa kwa watoto wote Januari 2013, Kenya Julai 2014. Ni matone ya mdomoni, hayana sindano, na huanza mtoto akiwa na wiki sita. Tarehe zilizoandikwa kwenye kadi ya kliniki ndizo za kufuata, na aliyechelewa aende akaulize badala ya kuona haya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika Afrika Kusini chanjo ilizuia robo tatu hivi ya ugonjwa mkali wa rota, na katika Malawi karibu nusu. Nusu ya watoto waliokuwa waugue vibaya ni wengi sana. Ila tusiwadanganye wazazi: aliyechanjwa aweza bado kuharisha, kwa virusi hivyo au kwa vingine, na atahitaji kikombe na kijiko kama mwingine yeyote.

Tunapendekeza, basi, kila jumuiya ndogo ndogo itenge sehemu kidogo ya michango yake ya juma kwa ajili ya pakiti chache za ORS na nauli ya dharura ya kumfikisha mtoto kituoni. Rambirambi tunaziweza, hii haizidi hapo, nayo hutolewa mtoto akiwa hai. Akina mama wa WAWATA wachukue kazi ya kuwaonyesha wenzao namna ya kuchanganya, siku moja baada ya sala, kwa maji na vikombe halisi na si kwa maneno matupu, na akina baba nao wawepo. Fedha na pakiti zisifungiwe ofisini kwa mwenyekiti anayekaa mbali. Ziwekwe kwa mtu wa karibu, awe hata bibi asiyejua kusoma, mradi ni mtu anayeamka haraka mlango unapogongwa usiku.